Eneokazi Ndani ya Kontena: Uchambuzi wa Istilahi na Mahusiano ya Mahali katika Kiswahili cha Kompyuta

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoeleza kitendo kimoja cha kiufundi, yaani kuendesha mazingira ya eneokazi ndani ya kontena. Inadaiwa kwamba kasoro ya maelezo mengi ya kitendo hiki haimo katika nomino zilizoundwa au kutoholewa, bali imo katika kiunganishi cha mahali kinachoziunganisha. Inapendekezwa kwamba viambishi vya mahali -po, -ko na -mo, pamoja na maana ya pili ambayo neno kontena limeipata mitaani, vitumiwe kueleza ukweli ambao neno "ndani" peke yake linauficha.

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu istilahi za kompyuta katika Kiswahili zimeshughulikiwa kama orodha. Mwanaistilahi huchukua neno la lugha chasili, hulitafutia kisawe, kisha huliendea neno linalofuata. Utaratibu huu umekuwa na manufaa. Mwaka 2004, kwa mfano, ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Leo msomaji wa Kiswahili hashangazwi tena na maneno kama faili, dirisha, kipanya, kiolesura, seva na eneokazi.

Hata hivyo, istilahi haikai peke yake. Hutumika katika sentensi, na sentensi hudai jambo fulani kuhusu ulimwengu. Istilahi mbili zinaweza kuwa sahihi kila moja kwa nafasi yake, lakini zikiunganishwa na kipashio cha kisarufi kisichochunguzwa zikatoa kauli isiyo ya kweli. Jambo hili halionekani katika orodha, kwa kuwa orodha haina sentensi.

Mfano tutakaoutumia ni huu:

(1) Mazingira ya eneokazi yamo ndani ya kontena.

Kisarufi, sentensi (1) haina dosari. Nomino zake zinaeleweka kwa wanaohusika na fani hiyo. Pamoja na hayo, tutaonyesha kwamba sentensi hii ni ya kweli kwa sehemu tu, na kwamba sehemu isiyo ya kweli ndiyo inayoweza kumdhuru mwanafunzi anayeiamini. Tutaanza na historia fupi ya dhana mbili zinazohusika, tutaeleza jinsi kitendo chenyewe kinavyofanyika, kisha tutachambua istilahi na mahusiano ya mahali, na mwisho tutatazama athari zake katika ufundishaji.

2.0 Dhana mbili na historia zake

2.1 Eneokazi

Dhana ya eneokazi ilitokana na sitiari ya meza ya ofisini. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ilitoa kompyuta iliyoitwa Star, ambayo skrini yake ilionyesha vitu vya ofisi: hati, folda, na visanduku vya kupokelea na kupelekea barua. Mtumiaji hakuhitaji kuandika amri kwa herufi. Alikiteua kitu kwa kipanya. Apple iliendeleza sitiari hiyo katika kompyuta zake za Lisa mwaka 1983 na Macintosh mwaka 1984.

Katika mifumo ya jamii ya Unix mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1984, katika chuo cha MIT nchini Marekani, kulianzishwa mfumo wa madirisha uitwao X, ambao toleo lake la kumi na moja lilitoka mwaka 1987. Mfumo huo haukuwa eneokazi. Ulitoa uwezo wa kuchora madirisha na kupokea mibofyo ya kibodi na kipanya, ukaacha mengine yote yafanywe na programu nyingine. Programu hizo zilipokusanywa pamoja, yaani msimamizi wa madirisha, paneli, kidhibiti cha faili na huduma za mawasiliano baina yake, ndipo yakapatikana mazingira ya eneokazi. KDE na XFCE yalianza mwaka 1996, na GNOME mwaka 1997.

Neno eneokazi limeundwa kwa kuambatanisha nomino mbili, eneo na kazi, na kuangusha kihusishi "la". Tunaona kwamba Kiswahili kimeiacha meza. Pengine hili ni jambo jema, kwa sababu eneo ni pana kuliko meza, na linakubali kuwa na watu, vifaa na mipaka. Tutaona baadaye kwamba mipaka hiyo ndiyo kiini cha tatizo letu.

2.2 Kontena

Historia ya dhana ya kontena katika kompyuta ni historia ya kubadilisha sitiari. Mwaka 1979, wakati wa kutayarisha toleo la saba la Unix, iliongezwa amri ya kuufanya mchakato uone saraka moja tu kana kwamba ndiyo mzizi wa faili zote. Mwaka 2000 mfumo wa FreeBSD uliipanua dhana hiyo na kuiita kwa neno lenye maana ya jela. Baadaye mfumo wa Solaris ukatumia neno lenye maana ya kanda. Katika Linux, zana ziitwazo LXC zilitolewa mwaka 2008, na mwaka 2013 ikatokea Docker, iliyoeneza jina la kontena ulimwenguni kote, hata nembo yake ikawa nyangumi aliyebeba makontena mgongoni.

Mabadiliko haya ya majina yanastahili kuzingatiwa na mwanaisimu. Jela inaahidi ulinzi: aliyemo hatoki. Kontena la bandarini linaahidi jambo jingine. Mwezi Aprili 1956 Malcom McLean alisafirisha makontena 58 kwa meli Ideal X kutoka Newark hadi Houston, na faida yake kubwa ilikuwa kwamba shehena haikuhitaji kupakuliwa na kupakiwa upya kila ilipobadilisha chombo cha usafiri. Kontena, kwa hiyo, linaahidi uhamishikaji. Waliolichagua neno hili walitaka kusema kwamba programu iliyofungashwa pamoja na maktaba zake itaendeshwa popote bila kupangwa upya.

Wahandisi wenyewe walitambua mapema kwamba neno hili lina utata. Mwaka 2006 wahandisi wa Google walianza kutengeneza sehemu ya Linux inayogawa na kuwekea mipaka matumizi ya kichakato na kumbukumbu. Waliiita kwa jina lenye maana ya makontena ya michakato. Mwaka 2007 jina hilo liliachwa, kwa kuwa neno kontena lilikwisha kuwa na maana nyingi mno miongoni mwa watengenezaji wa Linux, na badala yake likachukuliwa jina la makundi ya udhibiti. Kwa jina hilo sehemu hiyo iliingizwa katika toleo la 2.6.24 mwezi Januari 2008. Basi utata tunaoujadili hapa haukuletwa na tafsiri ya Kiswahili. Ulikuwapo tangu chanzoni.

3.0 Jinsi kitendo kinavyofanyika

Kwa manufaa ya msomaji asiye wa fani hiyo, tueleze kwanza tofauti kati ya kontena na mashine pepe. Mashine pepe huiga kompyuta nzima. Ndani yake mna mfumo endeshi kamili wenye kiini chake, yaani ile sehemu ya mfumo inayoongoza kichakato, kumbukumbu na vifaa. Kontena halina kiini. Ni kundi la michakato ya kawaida inayoendeshwa na kiini kilekile cha kompyuta mwenyeji, ila kiini hicho kimeiwekea michakato hiyo mipaka ya kuona na mipaka ya kutumia. Mipaka ya kuona hutokana na nafasi za majina: mchakato ulioko kontenani huona orodha yake ya faili, ya michakato na ya mitandao, wala hauoni ya mwenyeji. Mipaka ya kutumia hutokana na makundi ya udhibiti tuliyoyataja.

Jambo la pili ni uhusiano wa taswira na kontena. Taswira ni kifungashio cha faili kisichobadilika. Kontena ni tukio la kuendeshwa kwa taswira hiyo. Kutokana na taswira moja yanaweza kuanzishwa makontena mengi. Wanaisimu wataitambua hapa tofauti wanayoijua ya leksimu na matokeo yake katika matini. Kila kontena hupewa tabaka lake la kuandikia juu ya taswira. Kontena likisimamishwa, tabaka hilo hubaki. Likiondolewa, tabaka hutoweka pamoja nalo, isipokuwa faili zilizohifadhiwa katika saraka iliyounganishwa na mwenyeji.

Sasa tuje kwenye eneokazi. Kontena la kawaida huanzishwa kwa ajili ya mchakato mmoja mkuu, unaopewa namba 1, na halina skrini. Mazingira ya eneokazi, kinyume chake, ni jamii ya michakato mingi inayotarajia skrini, kibodi, kipanya na basi la ujumbe la kuwasiliana. Kuna njia tatu kuu za kuupatanisha ugumba huu wa kontena na mahitaji hayo ya eneokazi, ikiwa mfumo wa madirisha ni X.

Njia ya kwanza ni kuliunganishia kontena soketi ya seva ya X ya mwenyeji. Programu iliyoko kontenani huomba kuchorewa dirisha, na seva ya mwenyeji hulichora katika skrini yake. Njia hii hufaa kwa programu mojamoja. Kwa mazingira kamili ya eneokazi huleta mgongano, kwa kuwa X hukubali msimamizi mmoja tu wa madirisha kwa wakati mmoja katika skrini moja, na mwenyeji kwa kawaida anaye wake tayari.

Njia ya pili ni kutumia seva iliyopandikizwa, kama vile Xephyr. Hii ni programu yenye sura mbili: kwa programu za kontenani ni seva, lakini kwa seva ya mwenyeji ni mteja. Eneokazi zima huonekana ndani ya dirisha moja la mwenyeji, nalo linaweza kuwa na msimamizi wake wa madirisha bila kugombana na wa nje.

Njia ya tatu ni kuendesha kontenani seva isiyo na skrini, kama Xvfb, ambayo huchora katika kumbukumbu tu. Picha iliyochorwa husomwa na programu nyingine na kupelekwa nje kwa itifaki ya VNC, iliyoasisiwa katika maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1990. Mtumiaji hulitazama eneokazi hilo kwa programu ya kutazamia, hata akiwa mbele ya kompyuta nyingine kabisa.

4.0 Uchambuzi wa istilahi

4.1 Kontena, kasha na chombo

Vigezo vilivyozoeleka katika uwanja wa istilahi ni uwazi wa maana, ufupi, uwezo wa kuzalisha maneno mengine, uwiano na istilahi jirani, na kukubalika kwa watumiaji. Vigezo vya aina hii vimejadiliwa na wataalamu wetu kwa miaka mingi, na mwaka 1992 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kitabu cha Tumbo-Masabo na Mwansoko, Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili, kilichoshughulikia suala hilohilo la uundaji.

Maneno matatu yanashindania nafasi hii. Chombo ni pana mno: hutaja sufuria, jahazi, redio na hata taasisi. Kasha ni neno la zamani la pwani, na katika magazeti ya Kenya hutumika kwa makontena ya bandari ya Mombasa. Lina ufupi na wingi wake, makasha, ni wa kawaida. Ila kwa wasemaji wengi wa Tanzania kasha ni sanduku la kuhifadhia vitu nyumbani, nalo halileti wazo la usafirishaji. Kontena ni neno la kutohoa, lakini limekwisha kuingia katika ngeli ya LI-YA kwa wasemaji wengi (kontena hili, makontena haya), hukubali kiambishi cha mahali (kontenani), na lina uwiano na istilahi ya kimataifa. Kwa sababu hizo tunaliunga mkono.

4.2 Maana mbili za kontena katika Kiswahili

Hata hivyo, kulikubali neno si kuikubali kila fikra inayoandamana nalo. Katika Kiswahili cha leo kontena lina angalau maana mbili zinazoishi.

Maana ya kwanza ni ya bandarini. Kontena la aina hii limefungwa, lina lakiri, na haliruhusiwi kufunguliwa mpaka mwenye mamlaka awepo. Ndani yake hakuna mtu anayefanya kazi, mna shehena. Mzungumzaji mwenye picha hii akisikia sentensi (1), atahitimisha kwamba eneokazi limetengwa kabisa na ulimwengu wa nje, na kwamba kitakachotokea humo hakitawagusa walio nje.

Maana ya pili ni ya mitaani. Kontena lililokwisha safari zake huwekwa kando ya barabara, hukatwa mlango na dirisha, likawa duka, saluni au ofisi ya fundi. Katika kontena la namna hii mtu hukaa na kufanya kazi. Meza yake na bidhaa zake zimo ndani. Umeme, hata hivyo, mara nyingi huvutwa kwa waya kutoka nyumba ya jirani, ardhi ni ya mwenye kiwanja, na biashara yenyewe hufanyika dirishani, pale ambapo wa ndani na wa nje hukutana. Mwenye kiwanja akikata umeme, kazi husimama.

Ni dhahiri kwamba maana ya pili inalingana na muundo wa kiufundi tulioueleza katika sehemu ya 3.0 kuliko ile ya kwanza. Faili na michakato ni mali ya ndani. Kiini ni kama ardhi na umeme: ni cha mwenyeji. Skrini ni dirisha lililokatwa ukutani, na kila dirisha linalokatwa ni uwazi katika ukuta. Mwalimu anayelitumia neno kontena hana haja ya kulibadilisha. Anachohitaji ni kumwelekeza mwanafunzi kwenye maana iliyo mtaani kwake badala ya ile ya bandarini.

4.3 Mteja, seva na mwenyeji

Ulinganisho wa duka una mahali unapokoma, napo ni katika maneno mteja na seva. Kwa mazoea, seva ni kompyuta kubwa iliyo mbali na mteja ni mashine ndogo iliyo mbele ya mtumiaji. Katika X mambo yamegeuka. Seva ni programu inayomiliki skrini, kibodi na kipanya, kwa hiyo iko karibu na mtumiaji. Wateja ni programu zinazoomba kuchorewa. Basi katika njia ya kwanza mteja yumo kontenani na mwenye kumhudumia yuko nje. Katika duka la kontena ni kinyume: mwuzaji yumo ndani na mteja yuko nje. Mwalimu asipoitaja tofauti hii waziwazi, ulinganisho utampotosha mwanafunzi badala ya kumsaidia.

Neno mwenyeji nalo lina tabia ya kisarufi inayofaa kuangaliwa. Likitumika kama kivumishi, upatanisho hufuata nomino inayotangulia: kompyuta mwenyeji inaendesha. Likisimama peke yake, huingia ngeli ya A-WA: mwenyeji anaendesha. Aidha, nomino za watu hazipokei kiambishi -ni cha mahali. Linganisha:

(2) Faili zimehifadhiwa kontenani.
(3) *Faili zimehifadhiwa mwenyejini.
(4) Faili zimehifadhiwa kwa mwenyeji.

Kiswahili hapa kinatofautisha mahali na mwenye mahali. Kontena ni pahali pa kuingia. Mwenyeji ni mwenye nyumba ambaye mtu hufikia kwake. Tofauti hiyo inaafikiana na ukweli wa kiufundi, kwa kuwa msimamizi mkuu wa kompyuta mwenyeji huiona michakato yote ya kontenani na anaweza kuisimamisha, ilhali michakato ya kontenani, kwa kawaida, haimwoni.

4.4 -Mo, -po na -ko

Tunafika sasa kwenye hoja kuu. Sarufi za Kiswahili hueleza kwamba -po huonyesha mahali mahususi, -ko mahali pasipo mahususi au pa mbali, na -mo mahali pa ndani. Katika matumizi ya siku hizi wasemaji wengi wameelekea kutumia "kuna" na "-ko" kwa mahali popote, na maandishi ya kiufundi yameelekea kutumia "katika" au "ndani ya" kwa kila uhusiano. Matokeo yake ni kwamba mfumo wa viambishi vitatu, ambao lugha nyingi hazina, unaachwa bila kazi mahali hasa unapohitajika.

Turudie sentensi (1). Kiambishi -mo pamoja na "ndani ya" kinadai kwamba mazingira yote ya eneokazi yako ndani. Lakini tumeona kwamba mazingira hayo yana sehemu tatu zenye mahali tofauti. Kwa mfano wa njia ya pili, ambapo Xephyr inaendeshwa na mwenyeji, tunaweza kusema:

(5) Programu na faili za eneokazi zimo kontenani.
(6) Dirisha la eneokazi lipo kwenye skrini, mbele ya mtumiaji.
(7) Kiini kinachoziendesha programu hizo kiko kwa mwenyeji.

Sentensi (5), (6) na (7) hazihitaji istilahi yoyote mpya. Kila moja ni ya kweli, na zote tatu kwa pamoja zinasema kile ambacho (1) ilidhaniwa kukisema. Zikihitajika kufupishwa kwa ajili ya kichwa cha somo, kitenzi cha kuendesha kinaweza kubeba mzigo huo:

(8) Eneokazi linaendeshwa kontenani na kuonyeshwa kwa mwenyeji.

Huenda ikasemwa kwamba mtaalamu wa kompyuta hahitaji uangalifu wote huu, kwa sababu kwake kontena ni istilahi tu isiyohusiana na maana ya kawaida. Hoja hiyo ina ukweli kwa aliyekwisha bobea. Ila mwanafunzi hajabobea. Yeye hufikiri kwa maana anazozijua mpaka zile za kitaalamu zimkae akilini, na katika kipindi hicho ndipo lugha ya mwalimu inapomwongoza au kumpoteza.

5.0 Athari katika ufundishaji

Athari ya kwanza ni ya usalama. Katika X, programu yoyote iliyounganishwa na seva, kwa kawaida, inaweza kusoma vibonyezo vya kibodi vinavyokusudiwa programu nyingine na kupiga picha ya madirisha yao. Kulipa kontena soketi ya mwenyeji, basi, ni kuipa kila programu iliyomo uwezo wa kusikiliza nywila zinazoandikwa nje. Mfumo wa Wayland, ulioanzishwa mwaka 2008, ulisanifiwa kuzuia jambo hilo, lakini programu nyingi bado hutegemea X. Vilevile, ili huduma zote za eneokazi zianze bila usumbufu, baadhi ya watumiaji hulipa kontena haki zote za mwenyeji, hatua inayoondoa sehemu kubwa ya mipaka iliyokuwapo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba eneokazi "limo ndani" huiona hatua hii kuwa ndogo, kwa sababu anaamini ukuta ungalipo. Aliyefundishwa sentensi (5) hadi (7) atauliza: ni dirisha gani ninalolikata, na nani ataweza kuchungulia?

Athari ya pili ni ya uhifadhi. Vitenzi kusimamisha, kuondoa na kufuta hutumika ovyo katika maelezo mengi. Tunapendekeza kusimamisha kitumike kwa kontena ambalo tabaka lake linabaki, na kuondoa kwa lile ambalo tabaka lake linatoweka. Kufuta kibaki kwa faili na taswira. Mwanafunzi wa uzamili aliyeandika sura ya tasnifu katika eneokazi la kontenani, kisha akaliondoa akidhani analisimamisha tu, atakuwa ameipoteza sura hiyo kwa sababu ya kitenzi.

Athari ya tatu inazihusu idara zetu za Kiswahili moja kwa moja. Kontena linaweza kuwa chombo cha utafiti wa istilahi. Maktaba ya C ya GNU, inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux, inazo lebo mbili za Kiswahili, sw_TZ na sw_KE. Idara inaweza kutayarisha taswira moja yenye eneokazi lililowekewa lebo hiyo, na wanafunzi wakaiendesha katika maabara bila kubadilisha lugha ya kompyuta zenyewe. Itabidi ikumbukwe kwamba taswira nyingi za msingi hupunguzwa ukubwa kwa kuondolewa data za lugha, hivyo lebo ya Kiswahili huhitaji kuongezwa na anayeitayarisha. Pale ambapo tafsiri ya programu haikukamilika, maneno chasili ya Kiingereza hujitokeza, na mapengo hayo yenyewe ni data kwa mwanaistilahi.

Zaidi ya hayo, kwa kuwa taswira haibadiliki, tafsiri ya programu ya mwaka fulani inaweza kuhifadhiwa kama ilivyokuwa na kulinganishwa na ya mwaka mwingine. Mtafiti anayetaka kujua ni lini neno moja liliachwa na jingine likashika nafasi yake ataweza kufungua matoleo hayo mawili kando kwa kando. Tahadhari ni ileile: taswira huhifadhi faili, haihifadhi kiini. Kontena la Linux huhitaji kiini cha Linux, na katika kompyuta za Windows na za Apple huendeshwa kwa kupitia mashine pepe. Kilichohifadhiwa kimo katika taswira, lakini uwezo wa kukifungua uko kwa mwenyeji wa wakati huo.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba katika kueleza uendeshaji wa eneokazi ndani ya kontena, Kiswahili hakina upungufu mkubwa wa nomino. Eneokazi, kontena, taswira, seva, mteja na mwenyeji yanatosha, na kontena lina maana ya mitaani inayouelekea ukweli kuliko ile iliyokusudiwa na waliolichagua neno lenyewe. Upungufu uko katika kuutumia uhusiano mmoja wa mahali kwa mambo yenye mahali tofauti.

Tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, orodha za istilahi za kompyuta ziambatanishwe na sentensi za mfano zinazoonyesha vihusishi na viambishi vya mahali vinavyoandamana na kila istilahi. Pili, watunzi wa vitabu vya kiada watofautishe -mo, -po na -ko kwa makusudi wanapoeleza mifumo yenye tabaka. Tatu, wanafunzi wetu wa isimu washirikishwe na wenzao wa sayansi ya kompyuta katika kuzipima istilahi ndani ya maelezo kamili ya kazi inayofanyika, kabla hazijachapishwa. Uchunguzi wa namna hii unaweza kuendelezwa kwa dhana nyingine za tabaka, kama vile mashine pepe na hifadhi za mbali, ambako neno "ndani" linatumika kwa wingi uleule na bila kupimwa vilevile.